Ushahidi Wangu na Tumbo la Shemeji

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza, na midomo mfunge. Anjela mjukuu wangu ndiye anayeyachapa kule kwenye duka la kompyuta mjini. Nimemwambia, akicheka wakati anachapa, nitajua.

Leo nimeumbuka.

Si kuumbuka kidogo. Nimeumbuka mbele ya mtaa mzima huku kwetu Malangali, mchana kweupe, nimevaa koti langu la kanisani. (Koti zuri. La mtumba, lakini vifungo vyote vipo.)

Kisa ni njia. Nyumba ya jirani yangu Mzee Deusi iko mbele, barabarani. Yangu iko nyuma yake. Pembeni ya nyumba yake kuna njia ya mkokoteni inayokuja kwangu, tangu marehemu mume wangu yuko hai. Mahindi yangu hupita hapo. Ulezi hupita hapo. Hata jeneza la mume wangu lilipita hapo. Sasa tangu biashara iruhusiwe huku mtaani, kila mwenye ukuta unaotazama barabara anataka fremu ya duka, na Deusi naye kashikwa na ugonjwa huo. Juzi naamka, nakuta ameng'oa minyaa ya mpakani, kafunga kamba za msingi kukatiza njia yangu. Ukuta ukisimama pale, mkokoteni wangu ujifunze kuruka.

"Njia ile ni ya kwangu, mama Vitus," ananiambia huku anachokonoa meno. "Nilikuwa nakuazima tu."

Kuazima! Nikawaomba majirani waseme walichokiona miaka yote. Kila mmoja akatazama miguu yake. Kila mmoja anataka apangishwe fremu.

Basi jana akapita kijana kwa baiskeli na kipaza sauti. Upepo wetu wa miezi hii mnaujua. Nikasikia wanafunzi wa sheria. Nikasikia chuo kikuu, nikasikia bure, nikasikia kesho uwanja wa ofisi ya mtaa. Yaliyobaki upepo uliyapeleka ziwani Kipili kuwatangazia samaki. Mimi niliyoyasikia yalinitosha.

Leo asubuhi nimelisha nguruwe, nimeoga, naingia chumbani kuvaa, naona kitandani mto wangu haupo. Nikamwuliza mkwe wangu Restituta.

"Uko nje, mama," akasema, hanitazami usoni.

Nikajua kauanika. Nikachukua mwavuli nikaondoka, nimeshachelewa. (Nguruwe ndio walionichelewesha. Nguruwe hajui mahakama.)

Nafika uwanjani, nakuta kesi imeshaanza! Kuna meza. Nyuma ya meza kijana kavaa joho jeusi, kakunja uso. Mbele yake binti kajitanda kanga, analia. Mumewe kafa, shemeji yake kamtoa kwenye nyumba, yeye na watoto. Na shemeji mwenyewe kasimama palepale, hana aibu! Suti, tai, tumbo limetangulia kama debe la mahindi.

"Nyumba ni ya ukoo!" anafoka. "Mwanamke ni mgeni! Arudi kwao!"

Na watu wanacheka. Watu wa Malangali, watu wa kupokea komunyo kila Jumapili, wanamcheka mjane! Deusi yuko benchi la nyuma, anafuta machozi kwa kucheka. Nikasema moyoni, mtu aliyeng'oa minyaa atashindwa na nini.

Hakimu akagonga meza. "Mahakama inauliza, kuna shahidi?"

Hakutokea mtu.

Binti akageuka kutazama nyuma ya ofisi, kwenye choo. Hakimu naye akatazama choo. Akauliza tena, sasa kama anaomba, "Jamani, shahidi yuko wapi?"

(Baadaye ndipo nilipoambiwa shahidi wao alikuwa humo chooni. Maharage yetu yalikuwa yamemshika.)

Sasa mimi nina hasira, halafu nina akili. Hasira ikaniambia, huyu mjane anaonewa kama unavyoonewa wewe. Akili ikaniambia, Skolastika, msaidie hakimu kwa hii kesi, ataona u mtu mkweli, na ile ya njia itateleza yenyewe.

Nikajitokeza mbele. "Shahidi ni mimi!"

Hakimu akainuka kitini. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Andika."

"Bibi... marehemu unamfahamu?"

"Sana." (Msiniulize. Mdomo ulishatangulia.)

"Aliitwa nani?"

"Yohana." (Kwetu hapa ukirusha jiwe linampata Yohana.)

"Na nyumba alimwachia nani?"

"Mke wake! Alinishika mkono huu hapa, akaniambia, Bibi Skola, nyumba ni ya mke wangu na wanangu, na yule ndugu yangu mwenye tumbo asiikanyage. Ndipo akakata roho. Nikamfumba macho mwenyewe."

Watu wakaanguka kutoka kwenye mabenchi. Mama mmoja kajaza kanga mdomoni, nikadhani ni uchungu. Nikazidisha! Nikaeleza homa aliyougua, uji niliompikia, mvua iliyotunyeshea makaburini. Mjane mwenyewe kainamisha kichwa, mabega yanatetemeka. Maskini, nikasema, nimemkumbusha.

Shemeji akapaza sauti. "Mheshimiwa, bibi huyu ni mwongo!"

Mwongo? Mimi? Mama wa ubatizo wa nusu ya mtaa?

Mwavuli ulikwenda wenyewe. Paa! Tumboni.

Tumbo likaanguka.

Yesu na Maria! Likateleza chini ya koti, likatua vumbini mbele ya meza. "Nimeua!" nikapiga kelele. Nikapiga magoti ili nimrudishie mtu tumbo lake. Nalishika, laini. Naligeuza, maua mekundu. Na maandishi ya uzi wa kijani, niliyoyadarizi kwa mikono yangu: LALA SALAMA SKOLA.

Mto wangu.

Uwanja mzima ukasoma. Wasiojua kusoma wakasomewa.

"Bibi," shemeji akaninong'oneza, sasa mwembamba kama fito, "ni igizo. Tunafundisha watu mambo ya mirathi. Mto tumeuazima asubuhi kwa mama mmoja."

Nikamtafuta Restituta. Niliona kisogo tu, kinakata kona. Na hapohapo mlango wa choo ukafunguka, kijana akatoka anafunga mkanda. "Jamani, zamu yangu imefika?"

Nilitaka ardhi inimeze. Ardhi ikakataa.

Lakini ya njia ilikuwa haijasemwa. Nikaukung'uta mto vumbi, nikauweka kwapani, nikamweleza yule binti mjane. (Si mjane. Hata kuolewa bado, ni mwanafunzi wa sheria.) Akanisikiliza vizuri. Akauliza, "Bibi, ni nani anayeweza kusema njia ilikuwepo?"

"Mimi."

"Na marehemu Yohana!" akadakia Deusi kutoka nyuma. "Binti, huyo bibi kamzika mtu ambaye hajazaliwa! Hiyo njia atashindwa kuiota?"

Minyaa imeng'olewa, mume wangu kafa, majirani wanatazama miguu yao. Nilichokuwa nacho ni neno langu tu, nalo nilikuwa nimelitupa vumbini pamoja na mto. Nikaiona fremu ya Deusi imesimama, na mimi nimefungiwa nyuma yake kama kuku.

"Twendeni tukapaone," binti akasema.

Mtaa mzima ukatufuata. Nani abaki? Deusi katangulia, anaigiza nilivyomfumba macho Yohana, watu hoi. "Njooni!" anawaita. "Njooni kwa Skola niwaonyeshe kitanda kilichoporwa mto!" Akafika kona ya nyumba yake. Akainua kamba yake mwenyewe, akainama, akapita. Watoto wakapita. Wazee wakapita. Mbuzi wa watu akapita.

Binti akasimama kwenye kamba. "Mzee, mbona mmepita hapa?"

"Sasa tupite wapi?" Deusi akashangaa. "Kwa Skola njia ni hii hii, miaka yote!"

Ujiti wa meno ukamdondoka.

"Asante, mzee," binti akasema. "Sasa shahidi tumempata."

Deusi akazitazama kamba. Akanitazama mimi na mto wangu. Halafu, mzee yule, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Akazifungua kamba mwenyewe, akazikunja. "Pita, Shahidi," akaniambia. "Na Yohana wako apite."

Basi njia ninayo. Jina langu ndilo sina tena. Jioni hii nimekwenda kununua chumvi, muuza duka ananipa chumvi ananiuliza, "Shahidi, Yohana hajambo?"

Nimerudi, nimewakusanya wote wa nyumba hii, Restituta nimemweka mbele, nimetoa amri. Kuanzia leo mto wangu hauazimwi, hauanikwi, hauvuki mlango wa chumba. Ukilowa, nitaulalia hivyo hivyo.