Sauti Tamu Niliyoisikia Peke Yangu

Leo nimeaibika. Tena si ile aibu ya kujikwaa barabarani watu wawili wakaona. Nimeaibika kanisani, mbele ya kwaya nzima, kwa spika mbili kubwa, na aliyeagiza sauti iongezwe ni mimi mwenyewe.

Naandika nikiwa nyuma ya nyumba kwa sababu ndani mke wangu anacheka. Amejaribu kuacha, ameshindwa. Bora jambo lenyewe mlisikie kwangu kabla halijawafikia kutoka Itigi likiwa limetiwa chumvi. (Ingawa chumvi halihitaji.)

Kwa msionijua, mimi ni Eliya, mpiga gitaa la solo wa kwaya yetu. Nimepiga miaka mingi. Nimepiga kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye sikukuu za mavuno, juani na vumbini. Lakini ukitafuta rekodi ya kwaya ile yenye gitaa langu, hutaipata. Rekodi ya kwanza, fundi wa studio alisema gitaa linakoroma, akalitoa. Ya pili, akasema sasa halikoromi ila halisikiki, akalitoa tena. Kosa ni la amplifaya ya kanisa, ambayo ukiiwasha inakohoa kwanza ndipo iongee. Lakini nani anailaumu amplifaya? Analaumiwa mpigaji.

Sasa Jumamosi hii kwaya inakwenda Singida mjini kurekodi. Mwezi uliopita Mama Neema, mwenyekiti wetu na kiongozi wa sauti ya kwanza, alitamka kikaoni kwamba safari hii tusihangaike na gitaa. Gideoni wa kinanda atafanya yote.

Iliniuma. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, nipeni wimbo mmoja tu. Nitajirekodi mwenyewe nyumbani, mtausikiliza baada ya ibada Jumapili ya mwisho kabla ya safari. Mkikataa, nakubali."

"Utajirekodi kwa amplifaya ipi, Eliya?"

"Sihitaji amplifaya."

Wakacheka. (Kumbe walikuwa wanapasha misuli tu.)

Ambacho sikuwaambia ni kwamba mdogo wangu wa Dar alikuwa ameniachia kimashine. Ni kama tofali dogo la chuma, unakikanyaga kwa mguu, na ndani yake kuna amplifaya chungu nzima za kuigiza. Unachagua amplifaya, unachagua kabati la spika, unachagua hata maikrofoni na mahali pa kuisimamisha mbele ya spika ambayo haipo. Unachomeka gitaa upande mmoja na hedifoni upande wa pili, na waya unapeleka sauti moja kwa moja kwenye simu. Masikioni mwako uko uwanjani. Aliyekaa jirani yako anasikia nyuzi tu, ti, ti, ti, anakuonea huruma.

Nilihangaika nacho mwezi mzima. Mwanzoni nilipata sauti ya mtu anayekwaruza bati. Nikaongeza besi, ikawa sauti ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Nikajaza mwangwi, nikaona raha, lakini nilipoicheza pamoja na rekodi ya mazoezi ya kwaya gitaa likazama lote, hata mimi mwenyewe nikawa silisikii. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba sauti inayokupa raha ukiwa peke yako ndiyo inayopotea kwanza waimbaji wakifungua midomo. Nikapunguza ukali mpaka karibu nusu. Nikakata besi isigombane na wale wanaume wa sauti ya nne. Nikaisogeza ile maikrofoni ya bandia pembeni kidogo mwa spika ya bandia. Mwangwi nikaacha tone.

Ikakaa. Nawaambieni ikakaa! Sauti ya mviringo, safi, kila noti imesimama kwa miguu yake. Niliweka gitaa chini nikatulia. Ndiyo sauti niliyokuwa nikiisikia kichwani tangu nilipoanza kupiga, na sasa ilikuwa inatoka nje.

Basi, leo asubuhi. Ndiyo siku ya ahadi. Nilitaka kupiga mara ya mwisho, vizuri kuliko zote, nyumba ikiwa tupu. Nikampigia simu Mzee Yona, mwalimu wa kwaya.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana mwalimu. Naomba ruhusa ya ibada, namalizia ile rekodi."

"Bado tu?"

"Nataka ikae vizuri, mwalimu."

"Haya. Sisi tutaimba hivyo hivyo."

(Hakusema watanikosa. Nililiona hilo.)

Mke wangu akaondoka na watoto. Nikafunga mlango, nikatoa mashine, nikatafuta waya wake. Haupo. Nikapindua godoro, nikapekua kabati, haupo. Mke wangu anaupenda waya ule kwa sababu unajaza simu yake haraka, kwa hiyo nikajua umeondoka naye. Sikukasirika. Nilikuwa na waya mwingine, niliununua pale stesheni kwa wale wanaotembeza bidhaa treni ikisimama. Rangi ileile, mdomo uleule. Nikachomeka. Simu ikalia ting! Alama ya chaji ikawaka. Nikasema, waya ni waya.

Nikavaa hedifoni. Nikabonyeza kile kidude chekundu cha kurekodi, vile vijistari vya sauti vikaanza kurukaruka kwenye kioo. Nikapiga. Jamani, nimepiga leo! Kwa kuwa sikuwa na kwaya ya kunisindikiza, nikawa naimba mwenyewe ili nisipotee njia. Sauti ya kwanza mpaka ya nne. Na hapa na pale nikawa najisemesha, kama mtu yeyote anavyojisemesha akiwa kwake, mlango umefungwa, masikio yamezibwa. Waya si unabeba gitaa tu? Nani atasikia?

Nilipomaliza, mtu mwenye akili angesikiliza alichorekodi. Mimi nikaona hapana. Plagi ya hedifoni zangu ni ile nene, haiingii kwenye simu, na kusikiliza sauti kama ile kwa kile kispika cha simu niliona ni kuitukana. Nilishasoma wakubwa wa kazi hii wakionya kwamba sauti haihukumiwi kwa kispika kidogo. (Nimesoma mengi. Yamenisaidia sana, kama mnavyoona.) Nikasema itasikika mara ya kwanza kanisani, kwa heshima zake.

Nikafika ibada imekwisha. Nje mnada wa sadaka za mavuno ulikuwa umechangamka, wanagombania jogoo. Ndani kwaya imekaa kwenye viti vyao, mke wangu akiwa sauti ya pili, mstari wa mbele. Nikampa Gideoni simu aichomeke kwenye mixa ya spika za kanisa. Halafu, kwa kuwa sina adabu, nikatoa hotuba.

"Naomba msikilize gitaa linavyokaa chini ya waimbaji bila kuwasumbua. Msikilize pia nafasi baina ya noti."

Gideoni akabonyeza. Kimya. Kwa mbali, kitu kama mende anatembea juu ya karatasi.

"Ongeza," nikasema.

"Kaka, nimeshafika nusu."

"Ongeza, Gideoni. Mafundi hurekodi chini makusudi."

"Kaka, una uhakika?"

"Wewe piga kinanda, sauti niachie mimi. Peleka mpaka mwisho!"

Akapeleka mpaka mwisho.

Kikasikika kiti kikilia. Kikohozi changu, kikubwa kama trekta linawashwa. Halafu mimi, kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Mabibi na mabwana, kutoka Itigi, mpokeeni... Eliyaaa!" Na baada ya hapo uwanja mzima ukashangilia. Ule uwanja nao ni mimi, kwa mdomo.

Nikaelewa palepale. Ule waya wa stesheni ulikuwa wa kuchajia tu, haubebi sauti hata chembe. Simu ilipoona haipati kitu kwenye mashine ikatumia sikio lake yenyewe, ikarekodi chumba. Uwanja wangu wote, na mwezi wangu wote, vilibaki ndani ya hedifoni, nimevisikia mimi peke yangu. Walichokuwa wanasikia wao ni ti, ti, ti za nyuzi tupu, na juu yake mwanaume mzima anaimba sauti ya kwanza kwa koo la kubana.

"Zima," nikamwambia Gideoni.

"Kaka, umesema mwisho."

Nikaruka kwenye simu. Imejifunga. Nikachora mchoro wa kuifungua, vidole vina jasho, ikakataa. Nikachora tena, ikakataa, ikaniambia nisubiri. Na mimi wa kwenye spika sikusubiri.

"Hapa Mama Neema atachelewa kuingia. Mngoje. Mngoje mama wa watu, anavuta pumzi... Haya, kaingia, ameingilia dirishani kama kawaida yake."

Kwaya ikaangua kicheko. Mama Neema hakucheka.

"Mzee Yona naye hapa mikono juu, anafukuza nyuki."

Kicheko kikakatika. Na Itigi mnaijua, ni nchi ya asali, hakuna asiyewahi kumwona mtu anayefukuza nyuki. Kila mmoja aliiona ile picha, kila mmoja akaangalia sakafu, mabega yanatikisika. Nje mnada ulikuwa umesimama. Watu wamejaa madirishani, na aliyeshinda jogoo amempakata, anasikiliza naye.

Nilichomoa waya wa mixa kwa mkono. Ungechomolewa mapema zaidi, ila akili ilikuwa imenihama.

"Eliya," akaita Mama Neema.

"Naam, mama."

"Mimi nachelewa?"

"Si kila siku, mama."

"Siku zipi nawahi?"

 Nikamgeukia Mzee Yona niombe radhi, na kwa jinsi nilivyochanganyikiwa kilichonitoka mdomoni ni, "Shikamoo mwalimu."

Hakuitikia. Nimezaliwa huku, nimekulia huku, na leo ndiyo mara ya kwanza shikamoo yangu kubaki hewani bila mwenyewe. Hilo limeniuma kuliko vicheko vyote.

Nikajieleza. Nikasema ni waya, ni mashine haikushika, nipeni muda niende nyumbani nirudie. Wakati huohuo mke wangu alikuwa anatoa leso afute machozi ya kucheka, na leso ikatoka na waya. Waya wenyewe! Mzuri, mrefu, ulikaa pochini mwake ibada nzima.

"Huu hapa!" nikapiga kelele. "Mashine iko kwenye begi, gitaa nakimbia kulichukua, napiga hapahapa!"

"Eliya," akasema Mama Neema, taratibu kabisa, "tulikubaliana leo tunasikiliza. Tumesikiliza. Na ni wewe uliyesema tukikataa unakubali."

Nikadhani limeisha. Halijaisha. Mzee mmoja wa sauti ya nne akasimama, mtu mpole ambaye sina ugomvi naye, akasema, "Lakini ile ti-ti-ti ya katikati, kabla Eliya hajaanza kutusema, ilikuwa tamu. Wimbo ulikuwa unaihitaji."

"Ipi, hii?" akauliza Gideoni.

Akaenda kwenye kinanda. Akabonyeza kitufe kimoja. Kimoja! Likatoka gitaa. Akaipiga ile sehemu yangu, noti kwa noti, ile niliyoitunga mimi, niliyoihangaikia mimi, ameisikia mara moja tu kupitia zile nyuzi tupu. Kanisa likapiga makofi. Madirishani wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele.

"Hilo sasa ndilo gitaa!" akasema Mama Neema.

Nilifungua mdomo niseme jamani hilo si gitaa, hiyo ni sauti ya bandia, ni mashine inaigiza. Halafu nikaliona begi langu pale sakafuni, limejaa amplifaya ambazo hazipo, spika ambazo hazipo na maikrofoni ambayo haipo. Nikaufunga mdomo. Kwa nini niwafiche? Nilitaka kulia.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Gideoni atapiga sehemu ya Eliya. Ndivyo walivyoiita, "sehemu ya Eliya", kana kwamba mwenyewe nimeshazikwa. Mke wangu naye alinyoosha. Nimemuuliza, anasema mkono ulipanda wenyewe kwa sababu ya kucheka.

Nilipokuwa nakunja nyaya zangu Mzee Yona akanijia. Bado haniangalii usoni, anaongea na ukuta.

"Jumamosi usikose. Saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya mabasi."

 Nikasema, "Ahsante mwalimu! Nije na gitaa?"

"La nini? Njoo mikono mitupu. Kinanda kinahitaji mtu wa kukibeba."

Nimekubali. Msicheke, kile kinanda ni kizito.