Ombi la Kurudisha Mafuriko kwa Kila Nyumba

Peterson Gatimu,
Nyumba ya mwisho kabla ya daraja dogo,
Skuta, Nyeri.

Jumatatu, wiki ya pili ya mvua.

Kwa Mwalimu Mbula,
Mwenyekiti, Kamati ya Mitaro na Miti,
Skuta.

Mwalimu mheshimiwa,

KUH: MAFURIKO AMBAYO SASA NI YANGU PEKE YANGU

Nakusalimu kwa heshima, nikikumbuka kwamba ulimfundisha binti yangu Wendy hesabu mpaka akaziweza, jambo ambalo nyumba yangu haijasahau. Ndiyo sababu nimeona nikuandikie badala ya kuja kwenye mkutano wenu wa baada ya kanisa, ambako nasikia jina langu hutajwa kuliko la mhubiri wa siku hiyo.

Sitazunguka mbuyu. Mradi wenu wa mtaro wa nyasi umetuharibia mtaa. Zamani mvua ikinyesha, maji yalishuka kutoka barabara ya juu na kuingia kila nyumba bila ubaguzi. Yaliingia kwa polisi, yakaingia kwa muuza mitumba, yakaingia kwangu. Asubuhi sote tulitoka nje na ndoo na fagio, tukailaani serikali kwa sauti moja. Sasa maji yanateremka mtaroni, yananyonywa na nyasi na changarawe, na majirani wanakunywa chai miguu ikiwa mikavu. Nina malalamiko, na nimeyatia nambari kwa sababu nawajua walimu.

1. Usawa. Mtaro wenu unakuja umenyooka vizuri mpaka kwenye ua wangu, kisha unakunja kona ghafla kama mtu aliyemwona mkwewe njiani. Maji hayana adabu hiyo. Yakifika kwenye kona yanaruka na kuingia nyuma ya nyumba yangu, kwenye chumba cha mama yangu mzazi, Watiri. Yule binti mtaalamu wenu, Naliaka, alikuja na futi yake ya kupimia na kunieleza kwa upole kwamba ua wangu umeingia kwenye njia ya mtaro kwa hatua mbili na nusu, na nikiurudisha nyuma maji yatapita moja kwa moja. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na nikampa chai. Lakini kwa nini nirudi nyuma mtu mmoja, ilhali inawezekana mtaa mzima ukarudi? Fukieni mtaro, na kila nyumba ipate maji yake kidogo kidogo kama zamani. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi.

2. Hizo hatua mbili na nusu. Nimesikia neno "kunyakua" likitumiwa, na limeniuma. Mimi sijanyakua ardhi ya barabara. Nimeihifadhi. Mwaka 2011 niliona ardhi hiyo imelala nje peke yake, mtu yeyote angeweza kuichukua, nikaiingiza ndani ya ua wangu ili iwe salama. Tangu siku hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyeinyakua. Nimeilinda, nimeipalilia, nimepanda majani ya nepia ya kulisha ng'ombe wangu, na sijawahi kudai hata asante. Mwaka huu niliamua kuiongezea ulinzi kwa kujenga juu yake vibanda vitatu vya kukodisha. Huwezi kuiba ardhi yenye kinyozi juu yake.

3. Mama. Nasikia kamati inamtumia mama yangu kama kisingizio. Mama ana miaka themanini na minne na amejipanga vizuri sana. Kitanda chake kimesimama juu ya matofali sita. Viatu vyake vya kwenda kanisani huviweka dirishani kila mvua inapoanza, na asubuhi huvivaa akiwa bado amekaa kitandani, kisha hunyoosha mguu kutafuta mahali pakavu. Hajawahi kulalamika hata siku moja. Mtu mzima wa umri huo akinyamaza, mimi naona hakuna tatizo. Mke wangu Murugi anaona vinginevyo, lakini Murugi yumo katika kamati yenu.

4. Salamu. Mmetandika matofali ya kabro yenye mianya kando ya mtaro, mkapanda miti ya muiri, na sasa watu wanatembea. Hili halikufikiriwa. Zamani matope yalimfanya kila mtu ainame akitazama miguu yake, na kutoka kwangu hadi dukani ilinichukua dakika kumi. Siku hizi watu wameinua vichwa. Lazima nimsalimie Konstebo Omondi, nimsikilize habari za nyanyake wa Siaya, nijibu maswali ya watoto wake kuhusu ng'ombe wangu, nimpe pole mama wa mboga. Juzi nilitumwa sukari ya chai ya saa nne nikarudi wakati wa chakula cha mchana. Mtaa ambao watu wanajuana hivi hauna siri, na mtu mwenye ua kama wangu anahitaji siri kidogo.

5. Matoka. Hapa ndipo penye uchungu, na nakuomba usome polepole. Kwa kuwa wewe umetoka Ukambani, huenda hujui kwamba kwetu matoka si maua ya kupamba. Ni maua ya mpaka. Wazee wakishakubaliana mpaka wa shamba, hupandwa matoka mbele ya mashahidi, na anayeyang'oa hujitafutia balaa yeye na watoto wake. Wezi wa kahawa huyaruka. Watu waliookoka, wasioamini mambo ya zamani, huyaruka pia, halafu husema ni kwa sababu ya umande.

Naliaka aliyapanda kando ya mtaro kwa sababu yanapenda majimaji. Hilo nililivumilia. Lakini Jumanne ya wiki iliyopita niliamka nikakuta matoka saba yamepandwa NDANI ya ua wangu, kwa mstari mmoja, katikati ya misingi ya vibanda vyangu. Nilipima. Ni hatua mbili na nusu kutoka kwenye ua, hakuna kuzidi wala kupungua. Yamepandwa kwa ustadi, udongo umekanyagiwa vizuri, kila moja limewekewa samadi. Fundi Dedan alipofika kuchimba alisimama akaanza kufungasha jembe lake. Alisema, "Mzee, hapo kuna matoka. Mimi siwezi chimba hapo, niko na watoto." Nikamwita fundi mwingine, kijana mwenye hereni sikioni ambaye nilidhani hajui mila. Yeye aliangalia kutoka getini tu na hakuingia.

Mimi mwenyewe nilichukua panga. Nilisimama mbele ya shina la kwanza la matoka kwa muda, kisha nikakumbuka kwamba ng'ombe hajapewa maji.

6. Ngazi. Asubuhi hiyo geti langu lilikuwa limefungwa kwa ndani na kufuli haikuguswa. Kwa hiyo kamati ina ngazi, na nadai kuambiwa inafichwa kwa nani. Ningewasikia mkiruka, lakini nililala fofofo kwa sababu ya mgongo. Jana yake mama alikuwa ametoka kwa dadake kule Tetu na gunia la viazi, nikalibeba peke yangu kutoka stendi, na lilikuwa zito ajabu.

Kwa hayo yote naomba mtaro ufukiwe kabla ya mvua kubwa. Kabro zing'olewe ili matope yarudi na heshima ya faragha irudi nayo. Miti ya muiri ipelekwe Kerugoya, ambako naamini watu wana muda wa kusalimiana. Na Naliaka aje ayang'oe matoka saba kwa mkono wake, kwa sababu yeye ni Mluhya na balaa letu huenda lisimpate. Mkikataa, nitaendelea kupokea maji ya mtaa mzima peke yangu, na dhamiri zenu zitajua.

Nisalimie mzee wako nyumbani, nisalimie wanakamati wote wakiwemo wanaonisema, na umsalimie Murugi mkikutana Jumapili, maana nyumbani tangu Jumanne tunazungumza kwa ufupi.

Wako katika kulinda ardhi ya umma,

Peterson Gatimu

Tanbihi: Mwalimu, barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha. Leo ni Ijumaa, na naiongezea haya kwa kalamu ya Murugi.

Jumatatu alasiri mvua ilinyesha kama ulivyoona. Nilipoingia kwa mama kumwangalia, nilimkuta ameketi kitandani amekunja miguu, na kigoda chake kinaelea. Mezani palikuwa na gunia la Tetu limekunjwa. Nilimuuliza viazi viko wapi. Alinitazama akasema, "Viazi gani? Wewe ndiye ulibeba matoka, Gatimu. Mimi nilipanda tu, asubuhi ukikoroma."

Hapakuwa na ngazi, kwa hiyo naondoa nambari sita.

Mama alinieleza kwamba kiwanja hiki kilipopimwa, marehemu baba alishika kamba upande mmoja na yeye akaishika upande wa pili, na mpaka wake anaujua hata akifumba macho. Akasema, "Mimi nilikuwa shahidi. Ukitaka kung'oa, ng'oa nikiona." Kisha akaniomba nimpe viatu vyake dirishani, na aliomba kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu aliyezoea. Mwalimu, nimekuwa nikiisikia sauti hiyo tangu 2011 na kuiita kutolalamika. Niliona aibu, na bado ninayo ninapoandika.

Jumanne niling'oa nguzo za ua. Konstebo Omondi alikuja kunisaidia bila kuitwa, kwa sababu alipita akisalimia. Naliaka alinyoosha mtaro Jumatano, na Fundi Dedan alikubali kuchimba alipoona tunachimba upande wa nje wa matoka. Nepia imebaki kidogo, ng'ombe amenuna. Jana mvua ilinyesha mara mbili.

Naomba uipuuze barua yote hapo juu, ila salamu. Naituma kwa sababu Murugi amesema lazima uisome mkutanoni nikiwepo, na nitakuwepo.

Asubuhi ya leo nimempelekea mama chai. Viatu vyake viko sakafuni, kando ya kitanda, vikavu.