Sanduku la Do-Re-Mi na Betri za Juani

Jumatatu, 14 Machi 1994
Limelia! Baada ya kuungua vidole mwezi mzima, sanduku langu limelia kuanzia do ya chini mpaka do ya juu. Nimelipa jina Mwalimu-Sauti. Swichi nane, spika ya redio iliyokufa, mfuniko wa kioo ili wanafunzi waone transista zikiwa kazini. Muziki na ufundi kwa mpigo! Mzee Nkwabi, mkuu wa chuo cha ufundi, amesema nikiwafundisha vijana wake wimbo wa mahafali ya Jumamosi kwa sanduku hili, nafasi ya mwalimu wa elektroniki ni yangu. Mimi Mihayo, fundi redio wa Makoroboi hapa Mwanza, kuitwa Mwalimu! Naitaka kazi hiyo mno.

Jumatano, 16 Machi
Adui kajitokeza. Ojwang, jirani yangu wa banda, kaleta kinanda cha Japani kilichopitia Dubai. Siku hizi kila kitu kinaingia. Naye anaitaka nafasi ile ile! Nikamwuliza kama anaweza kukifungua. Akajibu akifungue kwa nini wakati hakijaharibika. Huyo ndiye wa kufundisha ufundi?
Jioni sanduku limekoroma kidogo. Mke wangu Sabina anasema sanduku ni zima, betri ndizo zimechoka. Kaninunulia mpya. Mke mwema kabisa. Nimezibadilisha dukani kwa kopo la rangi ya dhahabu. Sasa jina MIHAYO linasomeka ng'ambo ya barabara. Betri kuukuu nimezianika juu ya bati. Jua ni la bure.

Alhamisi, 17 Machi
Mazoezi. Vijana hawajui noti hata moja, lakini wanalifuata sanduku popote linapokwenda. Mwisho wa wimbo walishuka kidogo. Njaa hiyo. Nimewaambia Jumamosi wale vizuri.

Ijumaa, 18 Machi
Mawingu kutwa, kisha mvua kutoka ziwani. Betri zimelowa! Nimezipanga kando ya jiko la mkaa. Sabina kauliza zile mpya ziko wapi. Nimemwambia nazitunza.

Jumamosi, 19 Machi
Aibu! Ubeti wa kwanza ulikuwa safi, Mzee Nkwabi akawa anatikisa kichwa kwa raha. Ubeti wa pili do ikaanza kuzama. Vijana, kwa kuwa niliwakazania utii, wakazama nayo. Kufika kiitikio cha tatu wasichana wanaimba besi, na besi wenyewe wanahema tu. Mgeni rasmi akadhani tunamkumbuka marehemu fulani. Akasimama, akavua kofia. Wazazi wote wakasimama! Ojwang, aliyekuja na kinanda chake, akakibonyeza mara moja tu, wimbo ukapanda. Kazi kapewa yeye. Nilimwamkia Mzee Nkwabi shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama pembeni. Nimeumia sana.

Jumatatu, 21 Machi
Nimechunguza kitaalamu. Kosa nimelipata: mawingu ya Mwanza. Nasikia Nansio, kule kisiwani, jua linawaka tangu asubuhi, na kuna chuo hakina mwalimu wa elektroniki. Kesho napanda meli. Sabina kalia kidogo, kisha kaninunulia betri nyingine mpya, akanisihi nizitie yeye mwenyewe akiona. Nimezitia. Ameondoka kwenda sokoni.
Nimezitoa. Rangi nyekundu itapendeza sana kuizunguka ile ya dhahabu.