Kichwa cha Mume Wangu kwenye Chungu Chenu cha Shaba

Kwa Bwana Meneja,
Kiwanda cha Wiski cha Dunvarrick.

YAH: KIBONYEO CHA CHUNGU NAMBA MBILI

Bwana Meneja mheshimiwa,

Kwanza nakusalimu kwa heshima zote, wewe na mkeo na yule mbwa wenu anayekula kuku wangu. Sisi hatujambo, isipokuwa mvua, na hiyo si kosa lako. Nimeandika kwa wino ili ujue sina mzaha.

Mimi ni Euphemia McEachern, mke wa Dugald McEachern, aliyewapikia wiski tangu akiwa na nywele mpaka alipostaafu bila nywele. Usiseme humjui. Ndiye aliyekaa mbele ya chungu namba mbili miaka yote hiyo, akitenga kinywaji cha mwanzo kinachopofusha, cha mwisho kinachonuka soksi, na cha katikati ambacho ninyi mnakiuza kwa bei ya ng'ombe.

Unajua pia kwamba ubavuni mwa chungu hicho pana kibonyeo. Kibonyeo hicho ni kichwa cha mume wangu. Aliteleza kwenye sakafu yenye maji, akaanguka kichwa mbele, akarudi nyumbani na bandeji. Wiski ya mwaka ule ilipokomaa, wajuzi wa kuonja walikaribia kulia, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kukinyoosha. Chungu kilipochakaa mwaka jana, wafua shaba walikuja kutoka bara wakakipima kibonyeo, kisha wakakigonga chungu kipya kwa nyundo mahali pale pale mpaka kikabonyea vilevile. Ndiyo desturi yetu, kwa maana chungu kisicho na makovu ya mwenzake hutoa wiski nyingine kabisa. Hapo sina neno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtembeza wageni wenu mpya, Bwana Rory Pitcairn wa Edinburgh, ambaye ndevu zake hupakwa mafuta mengi kuliko mnyororo wa baiskeli yangu, huwaambia watalii kwamba kibonyeo ni kazi ya mwasisi wa kiwanda, Kapteni Ninian Orr. Eti Kapteni alikipiga chungu ngumi siku wakusanya ushuru walipobisha hodi, na kila chungu kilichofuata kikarithi alama yake. Bwana Meneja, kwenye picha iliyo ofisini kwako Kapteni ana mikono kama ya mshona lesi. Ngumi ile isingebonyeza hata siagi.

2. Watalii hukibusu. Wameambiwa kinaleta bahati. Juzi nilimwona kwa macho yangu mwanamke mrefu wa Kiholanzi akikibusu mara mbili huku mumewe akipiga picha. Mimi mwenyewe, mke wa ndoa ya kanisani, hukibusu kichwa hicho Krismasi tu.

3. Kijitabu chenu cha matangazo kinasema wiski ya chungu namba mbili ina moshi wa mboji tunayochoma kukaushia shayiri, ganda la chungwa, na mwishoni "hasira ya kijeshi". Hasira ipi? Dugald hana hasira. Siku ng'ombe alipoitafuna suruali yake ya harusi alisema, "Basi alikuwa na njaa," akaenda kazini na suruali nyingine. Wajuzi wenu wakionja sawasawa watakuta sufu iliyoloa, tumbaku, na mtu anayejibu "sawa, mama watoto" bila kusikiliza alichoulizwa.

4. Kama chungu cha zamani kilibonyezwa na kichwa chenyewe, basi hiki kipya kina nakala ya kichwa, na nakala hiyo ilifanywa bila ruhusa ya mwenye kichwa wala ya mkewe. Kwa hesabu yangu sasa Dugald ana vichwa viwili, na ni kimoja tu kinachokuja nyumbani kunywa chai. Nilimuuliza Mchungaji Gillespie ni kipi kitakachofufuliwa siku ya mwisho. Akaniuliza kama nimekunywa. Nilikuwa bado.

Ili kukata mzizi wa fitina, nilimkandikia Dugald unga uliokandwa kwenye paji akiwa amelala, nipate umbo lake, nikauoka ukakauka, nikauleta kiwandani siku ya wageni na kuujaribisha kwenye kibonyeo. Haukukaa vizuri sana. Kibonyeo ni cha mviringo zaidi. Nilieleza mbele ya watu kwamba kichwa cha mstaafu husinyaa kwa kukosa shughuli, jambo ambalo daktari yeyote atalithibitisha. Bwana Pitcairn akasema, "Bibi, hilo ni andazi tu." Watalii wa Kijerumani wakacheka. Nakuomba uliandike hilo kwenye faili lake.

5. Hili la mwisho naliandika polepole. Mlipofungua jengo la wageni, Dugald alivaa koti lake la kanisani akaenda kunywa toti moja, kama mstaafu yeyote wa Dunvarrick anavyoruhusiwa. Akasimama nyuma ya watalii. Bwana Pitcairn akatoa hadithi yake ya Kapteni na ngumi. Dugald, ambaye hajawahi kumkatiza mtu maishani, akanyoosha mkono akasema, "Samahani ndugu yangu, siku hiyo mimi nilikuwepo."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Pitcairn akamjibu, "Kila mzee wa kisiwa hiki huniambia hivyo, babu. Chukua toti yako ukae pembeni."

Alirudi na ile toti mkononi, njia nzima, hajaigusa. Tangu siku hiyo haendi mbali kuliko posta. Asubuhi anavaa buti za kazi, anakaa nazo jikoni mpaka jioni, anazivua. Inaniuma, Bwana Meneja, inaniuma mpaka usingizini. Mtu hawezi kukipa chungu cha shaba umri wake wote halafu aambiwe hakuwepo.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, yafuatayo yatendeke. Kiwekwe kibao chenye jina la mume wangu pale kwenye kibonyeo. Picha ya Kapteni Orr ihamishiwe kwenye choo cha wageni. Wiski ya chungu namba mbili iitwe "Kichwa cha Dugald". Na Bwana Pitcairn aangushwe kichwa mbele kwenye chungu namba tatu, tusubiri ikomae, tuone kama wajuzi watalia. Mkikataa, nitakuja mwenyewe na nyundo nikinyooshe kibonyeo kikae sawa kama kioo, nanyi mtauza uji wa shayiri.

Nisalimie wote wanaonijua hapo: wakausha kimea, wachimba mboji, waviringisha mapipa, akina mama wa kantini, na paka wa ghala, ambaye nasikia ni mjamzito tena. Bwana Pitcairn usimsalimie.

Ni mimi, nisemaye kwa niaba ya kichwa kisichojitetea,

Bi. Euphemia McEachern

Nyongeza: Dugald ndiye mtunza stempu, kwa hiyo ilibidi aisome barua hii. Alicheka mpaka akaomba kiti, na alikuwa amekaa tayari. Kisha akasema, "Mama watoto, kichwa changu hakijawahi kukigusa kile chungu. Ule ni mkate wako."

Sasa nimekumbuka. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, naye hakurudi nyumbani kwa sababu wiski ilikuwa inatiririka. Nikambebea mkate wa sikukuu, ule wa zabibu kavu na mafuta ya ng'ombe unaochemshwa ndani ya kitambaa, nikapigana na upepo njia nzima. Akasema, "Weka hapo," bila kugeuka. Niliurusha. Nikaondoka bila kuangalia nyuma, na ule mlio niliousikia nilidhani ni mlango. Kumbe yeye aliinama kuukwepa, mkate ukaipiga shaba, na alipoinuka ghafla akajigonga paji kwenye bomba. Meneja wa wakati ule aliambiwa ni kichwa, nisije nikazuiwa getini. Mimi nami nikaambiwa hivyo hivyo. Nimemuuliza kwa nini amenificha miaka yote hii. Amesema, "Ulinifunga bandeji vizuri sana, nikaona nisiharibu."

Nimeinuka nikakibusu kichwa chake, na wala si Krismasi. Tafadhali futa hoja ya kwanza mpaka ya nne. Ya tano ibaki, maana siku hiyo alikuwepo kweli. Wajuzi wenu wapewe pongezi. Hasira imo, na ni yangu. Kibao kiandikwe hivi: "Mkate wa Euphemia McEachern." Dugald anaomba chini yake, kwa herufi ndogo, muongeze: "Dugald aliinama."