Kamati ya Kitenzi "Infiltrate"

Wananchi wote wa Mbeya, na wa Iringa wanaopita, wanatangaziwa kwamba Kamati ya Tafsiri, katika kikao chake cha arobaini na tatu, imefika mahali pazuri sana kuhusu kitenzi cha Kiingereza "infiltrate".

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya Kamati mwaka 1974. Tupokigwe alilisoma lote, mwanawe Sekela akiwa mgongoni, maana kisomo cha jioni kilikuwa kimemfundisha kutoruka neno. Mkononi alikuwa na barua ya kuajiriwa ukarani humo. Ilibaki sahihi ya mtumishi mmoja tu, na mwisho wa kuipata ulikuwa siku hiyo.

Mwenyekiti, Ndugu Kalinga, alimweleza kwa upole kwamba ni vigumu kumpokea. Maana ya kitenzi imekwisha patikana: kujipenyeza mahali kimyakimya na kujifanya mwenyeji. Imebaki matumizi. Walimtuma Ndugu Joachim Madibira awaangalie panya wa ghalani wiki mbili nzima, akarudi na taarifa kwamba panya wanajipenyeza vizuri, ila hawajifanyi wenyeji. Hivyo mpaka apatikane mfano wa mtu hai, kila anayeingia ofisini anashukiwa.

"Wewe mama, tutajuaje hukujipenyeza?"

Tupokigwe akawapa barua. Ina namba, tarehe na mhuri. Ikazunguka meza nzima. Ndugu Filemoni, mjumbe wa tatu, akaunusa wino, akasema ni wa halali.

"Basi ndugu zangu, nami nionyesheni zenu," akasema Tupokigwe kwa adabu, "nijue ya mtumishi inavyokaa."

Hakuna aliyekuwa nayo. Joachim akakiri kwamba mwaka sitini na tisa aliingia kuulizia stendi, akakaribishwa chai. Filemoni alileta vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, akaambiwa asubiri ndani. Mwenyekiti mwenyewe alitoka Kihesa kumsalimia shemeji yake. Shemeji alihamishwa, kiti kikabaki.

"Mfano umepatikana," akasema Kalinga, na kusema kweli alifurahi. "Uandikwe."

"Nani aandike?"

Kanuni ilikuwa wazi: mtumishi mwenye barua. Tupokigwe akaandika. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtumishi mwingine, akaisaini barua yake mwenyewe, akawatoa nje wote watatu, akaketi kwenye kiti kikubwa, akamnyonyesha mtoto.

Sekela aliposhiba, mama yake akaita kwa sauti ya kikazi, "Anayefuata. Barua mkononi."

Kalinga, kofia kifuani, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akaomba apewe muda wa kutafuta barua.

"Rudi kesho, baba," akasema Tupokigwe. "Tuko kikaoni."