Kibendera cha Kundi la Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka. Si kwa hasira, hasira ningeiweza. Ameondoka kwa kuchoka. Alikunja nguo zake taratibu, akasema anakwenda kwa dada yake, na kwamba siku nitakayoanza jambo nikalimaliza, jambo lolote lile, nimpigie simu arudi. Akautazama ukuta wa sebuleni, niliopaka rangi hadi usawa wa kiuno. Akalitazama kabati lisilo na milango. Akafunga zipu ya begi. Heri angegomba!

Nyumba imezizima. Nimepika chai, nikasahau kuinywa.

Kazini tunatengeneza magodoro. Mimi ni mkata sponji. Mchana meneja alitangaza kwamba kiwanda kitapeleka timu kwenye marathoni, Jumapili ya tarehe 16. Akili ikanifunguka papo hapo! Marathoni ina mwisho, na mwisho wenyewe umechorwa barabarani kwa chokaa. Nani atabisha? Nikanyoosha mkono kabla meneja hajafunga mdomo. Bwana Stoo, mtunza ghala wetu, mtu mnene mwenye magoti mabovu, alicheka hadi akashikilia meza. Kisha naye akanyoosha mkono. Alisema hawezi kukosa kuniona nikizimia, tena kwa karibu.

Nimemweleza mke wangu kwa simu.  Akasema atakuja kunisubiri kwenye mstari wa kumalizia. Sauti yake ilikuwa na tumaini kidogo. Nimeogopa zaidi kuliko kama angenitukana.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Nimekwisha!

Anayetufundisha ni msimamizi wa washonaji, mwanamke mkavu ambaye amekimbia marathoni nyingi na haachi kutazama mkono wake. Tunamwita Mama Saa. Somo lake ni moja tu: anza polepole, polepole hadi uone aibu. Anasema mtu akishindwa kutamka sentensi nzima huku anakimbia, ujue amezidisha mwendo.

Basi nikaongea. Nilimweleza fundi wa mashine habari za mke wangu kuanzia getini. Akaongeza mwendo. Nikamhamia mpishi wa kantini. Naye akakumbuka kwamba ana sufuria jikoni. Kufika kwenye kona ya kwanza nilikuwa peke yangu, ninajisimulia mwenyewe, na hata mimi hadithi ilikuwa imenichosha. Nikakaa chini. Bwana Stoo akanipita akitembea.

Jumamosi, 8 Machi

Nimegundua siri! Tatizo si mapafu, tatizo ni barabara. Barabara ni ngumu. Na mimi mchana kutwa ninashika nini? Sponji! Nimechukua vipande vya daraja la kwanza, vile vya magodoro ya hoteli, nikavikata kwa umbo la nyayo na kuvigandisha kwa gundi ndani ya raba. Nimezunguka sebuleni mara kadhaa. Ni raha tupu, ingawa kisigino hakiingii vizuri.

Nilitaka kumwonyesha mtu. Hapakuwa na mtu. Nimelala mapema, upande wangu wa kitanda.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimelamba dume!

Kumbe kwenye marathoni kuna waongoza mwendo. Kila mmoja amefungwa kibendera mgongoni chenye muda wake, na wanaotaka kumaliza kwa muda huo wanamfuata. Kundi la mwisho kabisa, la wanaomaliza kwa saa sita, halikuwa na wa kuliongoza. Na nani yumo kundi hilo? Bwana Stoo na magoti yake! Ina maana atanitazama kisogo njia nzima. Kumpita mwenye kibendera hakuruhusiwi. Sijauliza, lakini ndivyo ilivyo kwa msafara wowote.

Nikamwendea Mama Saa, ambaye ndiye anayegawa vibendera. Akaniuliza kama nimewahi kumaliza marathoni. Nikamjibu kwamba swali hilo nimeulizwa sana. Akasema kazi ya mwongoza mwendo si kukimbia, ni kuwafikisha watu; kwamba watamwamini kuliko wanavyoamini miguu yao. Nikasema hayo yote ninayo rohoni. Akanipa kibendera kwa shingo upande.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia mimi sasa ni kiongozi. Akasema hahitaji kiongozi, anahitaji nifike tu. Nikasema nitafika, anitambue kwa kibendera.

Jumamosi, 15 Machi

Sijakimbia tangu Jumatano ile. Ninatunza nguvu. Nimefanya mazoezi ya kupunga mkono mbele ya kioo. 

Jumapili, 16 Machi

Naandika nimelala chali.

Tulianza vizuri. Watu wa kundi langu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani: akina mama wa kwaya, mwalimu mstaafu, bwana mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa moyo na ambaye mkewe alinishika mkono akaniomba nimwangalie. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikwenda polepole. Niliona aibu, kama tulivyofundishwa. Bwana Stoo alikuwa nyuma yangu, mpole, akisema mwendo ni mzuri. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nafanya kitu sawasawa.

Kisha nikamwona mke wangu.

Hakuwa kwenye mstari. Alikuwa kwenye kona ya soko pamoja na dada yake, wakielekea huko. Shemeji alikuwa akinitazama vile anavyotazama nyanya zilizooza. Na ndipo bibi mmoja mwenye kikapu akatupita, akitembea!

Damu ikanipanda. Nikachomoka. Nilikimbia kama nimeiba. Nikapunga mkono, kama kwenye kioo. Na kundi langu lote, maskini ya Mungu, likachomoka nami! Si waliambiwa wafuate kibendera? Nilisikia vishindo nyuma. Bwana Stoo alikuwa akiniita ndugu yangu, ndugu yangu, punguza. Nikadhani anataka kunipita. Nikaongeza.

Tulilipita kundi lililo mbele yetu. Mwongoza mwendo wao alitutazama, akatazama saa yake, akatutazama tena.

Kwenye meza ya maji vijana walimwaga ndoo za maji barabarani kutupoza. Sponji ikanywa maji yote. Daraja la kwanza! Kila raba ikawa na uzito wa mtoto mchanga. Nikayumba, nikashika nguzo, nikateleza nayo hadi chini. Nyuma yangu kundi lilikuwa limetapakaa barabara nzima. Akina mama wa kwaya walikaa ukingoni wameshikana. Bwana wa upasuaji alilala kivulini, amefumba macho. Nilimwangalia hadi nikaona kifua kinapanda na kushuka. Sijawahi kuogopa vile.

Bwana Stoo alifika akichechemea. Nilijua atacheka. Hakucheka. Alinifungua kibendera mgongoni, akajifunga yeye. Akampeleka bwana yule kwa wauguzi, akawanyanyua wengine mmoja mmoja, akawaambia sasa tunatembea, hakuna haraka. Wakaondoka wakiimba. Mimi nilisubiri gari la kuwazoa walioshindwa.

Gari lilinishusha karibu na mstari. Watu walikuwa wachache, viti vinakusanywa. Mke wangu alikuwa bado yupo. Ndipo kibendera kikatokea kwenye kona, kikipanda na kushuka juu ya vichwa. Akasimama. Alipiga makofi, akapiga kigelegele, akamshika dada yake bega. Nilikuwa nyuma yake, hatua chache. Nilimwona akifurahi kwa ajili yangu. Sikuweza kumwita.

Kibendera kilipokaribia, mikono yake ikashuka.

Alipogeuka akaniona, hakugomba. Alinipa chupa yake ya maji, akaniinamia kunivua raba, akazikamua. Alisema alikuwa ameshasimama kunishangilia. Basi. Kisha wakaondoka.

Jumatano, 19 Machi

Bwana wa upasuaji ni mzima. Bwana Stoo amepewa cheti na kupigiwa makofi kantini. Hajanicheka hata mara moja, na hilo ndilo linaloniua.

Jioni mke wangu amepiga simu. Anasema hataki tena mbio. Jumapili asubuhi atakuja nyumbani tuzungumze, na anachoomba ni kimoja tu: anikute. Nikae kitini, nisiende popote, hadi mazungumzo yaishe. Nilitokwa na machozi. Nikamwahidi.

Jumapili hii! Bado siamini. Tena kwa bahati ya ajabu, asubuhi hiyohiyo kuna mashindano ya baiskeli, na njia inapita mbele ya mlango wetu kabisa. Nimeshajiandikisha. Nitamwachia mlango wazi na kiti kimeelekezwa barabarani, anione vizuri nikipita.