Mvinyo wa Kifaransa Usiopungua

Jumatatu, 10 Juni

Chupa nimepewa mimi! Mgeni wa kikundi chetu cha wakulima wa zabibu kaleta mvinyo mwekundu kutoka Ufaransa. Mimi, katibu, nautunza hadi kikao cha Jumamosi. Siku hiyo tutauonja, tuseme unafaa kunywewa na chakula gani, na atakayeng'ara ndiye mwonjaji wetu kwenye maonyesho ya mjini. Gerson, mwanakikundi mwenzangu, naye anautaka uonjaji. Atakoma. Nimeificha chupa kwenye pipa la mtama.

Lebo inasema ni mchanganyiko wa zabibu aina tatu. Inasema bila haya! Hapa Hombolo kuchanganya ni kuchakachua. Mwaka jana niliukataa mvinyo wa mke wangu Ruthu kwa kosa hilo hilo, mbele ya kikao. Sheria haina mke.

Jumatano, 12 Juni

Nimeonja. Kidogo tu, ili Jumamosi nisibabaike. Kizibo kilitoka bila ubishi. Ufundi wa Kifaransa!

Sina maneno. Kwanza zambarau. Halafu moshi, kwa mbali. Halafu ulimi ukakauka kama nimetafuna pera bichi, na nikatamani uendelee kukauka. Nilikaa chini nikatokwa na machozi. Mungu alipita Ufaransa, jamani, na hakuwa na haraka.

Nilimdokezea Ruthu kwamba Wafaransa wanajua kazi. Akauliza nimejuaje. Nikasema harufu.

Alhamisi, 13 Juni

Leo chakula. Kwa dagaa ni balaa, kama kulamba msumari. Kwa ugali wa uwele na mlenda, afadhali. Kwa mbuzi wa kuchoma nilisimama wima! Mafuta yakalainika, nyama ikawa tamu mara mbili, na mvinyo nao ukawa mwingine kabisa. Nilivua kofia.

Sasa jambo la kutisha. Nimekunywa bilauri tatu na chupa haijapungua! Ile ya mafuta ya mjane wa Sarepta ndiyo hii. Nimepiga magoti mbele ya pipa.

Ijumaa, 14 Juni

Bilauri mbili. Imejaa tena. Naogopa, ila naendelea.

Jumamosi, 15 Juni

Mwenyekiti wetu, Mama Sidonia, alileta majagi mawili. Moja Ufaransa, moja Hombolo, tutambue lipi ni lipi. Gerson akaonja, akasema yote mazuri na yeye hajui. Hajui!

Mimi funda moja tu la jagi la kwanza lilinitosha. Nikahutubia: zambarau, moshi, mbuzi wa kuchoma. Nikasema mkono uliotengeneza mvinyo huu ubusiwe. La pili nikalitema. Nikasema ni la hapa hapa, tena la mtu mvivu.

Mama Sidonia akasubiri nikae. Kisha akasema jagi la kwanza ni la Ruthu. Tangu Jumatatu Ruthu aliumimina ule wa mgeni kwenye jagi akampelekea yeye, kwa kuwa anamjua mumewe. Chupa akaijaza mvinyo wake, na kila nilipoonja akaongezea.

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Gerson kachaguliwa. Mvinyo wa Ruthu umepitishwa kwa makofi, na mchanganyiko wake.

Njiani Ruthu hakunicheka. Aliniuliza tu, "Siku zote hizo unaulilia, Elisha. Hukuujua mkono wangu?"

Nilitembea nyuma yake hadi nyumbani, nikamwogopa kama ninavyoogopa madhabahu.

Jumapili, 16 Juni

Jibu nimelipata katikati ya mahubiri. Ni chupa! Miaka kumi na moja mvinyo wa Ruthu umekaa kwenye dumu ukawa wa kawaida. Umekaa siku chache ndani ya kioo cha Kifaransa, umeniliza. Nimemweleza Ruthu taratibu, asiumie.

Aliingia jikoni. Kisha akanikabidhi chupa tupu, akasema kama utamu ni wa chupa, tangu leo nitakuwa nakula nayo, dumu lake nisiliguse.

Mke mwelewa sana. Nimeijaza maji ya bomba mchana. Hadi jioni yameshaanza kunukia zambarau.